Karl Drais na Farasi wa Mti

Barabara itokayo Mombo kwenda Lushoto hupanda mlima kwa mazingo mengi. Mtu apandaye kwa baiskeli hushuka mara kwa mara akaisukuma kwa jasho. Lakini siku ya kurudi huteremka amekaa kitako, miguu yake imepumzika, na upepo wampiga usoni. Mtu huyo ana deni kwa Karl Drais, kwa maana Drais ndiye aliyeonyesha kwanza ya kuwa mwanadamu aweza kwenda juu ya magurudumu mawili asianguke.

Karl Drais alizaliwa tarehe 29 Aprili 1785 katika mji wa Karlsruhe, katika nchi ya Baden, ambayo sasa ni sehemu ya Ujerumani. Baba yake alikuwa jaji, mtu wa ukoo wa heshima. Kijana alifundishwa kazi ya kutunza misitu, kazi ijulikanayo sana katika milima ya Usambara. Kisha akasoma hesabu na elimu ya maumbile katika chuo cha Heidelberg. Akawa bwana misitu wa serikali, lakini moyo wake ulikuwa katika kubuni vyombo.

Siku zile watu wa Ulaya walisafiri kwa miguu, au kwa farasi, au kwa magari yaliyovutwa na farasi. Mwaka 1815 mlima wa moto uitwao Tambora, katika visiwa vya Indonesia, ulipasuka. Majivu yake yalienea angani, hata mwaka 1816 jua halikupata nguvu, na mavuno yakaharibika katika sehemu nyingi za Ulaya. Chakula cha watu na cha farasi kikawa ghali mno. Wataalamu wengine hudhani kwamba shida ile ndiyo iliyomfanya Drais atafute chombo kisichokula.

Chombo alichokitengeneza kilikuwa cha mti. Kilikuwa na magurudumu mawili, moja mbele na moja nyuma, yameunganishwa kwa boriti, na juu ya boriti palikuwa na tandiko. Hakikuwa na mnyororo wala mahali pa kukanyagia. Mpandaji alisukuma ardhi kwa miguu yake, kama mtu akimbiaye huku ameketi, na gurudumu la mbele aliligeuza kwa mpini. Chombo kikianza kuinama upande mmoja, aligeuza gurudumu upande ule ule, nacho kikasimama sawa tena. Hiyo ndiyo siri ya kila baiskeli hata leo.

Tarehe 12 Juni 1817 Drais alitoka mji wa Mannheim akafuata njia ya Schwetzingen, kisha akarudi. Alikwenda kilomita 13 hivi kwa muda usiotimia saa moja. Mwaka 1818 mtawala wa Baden akampa hati ya kulinda kazi yake, na cheo cha profesa. Lakini hati ile haikuwa na nguvu katika nchi nyingine. Mafundi wa mbali waliiga chombo chake, wala yeye hakupata faida.

Huko London, mwaka 1819, vijana matajiri walikipenda sana. Wachoraji nao wakapiga chapa picha nyingi za kuwacheka, zikatiwa rangi na kuuzwa madukani: huyu ameanguka matopeni, yule amegongana na mwenziwe. Tena katika miji kadhaa serikali zilikataza kukipanda njiani mwa waendao kwa miguu. Baada ya muda mfupi watu wakakiacha. Lakini picha zile za mzaha zimehifadhiwa katika nyumba za makumbusho, na kwa hizo watu hujua jinsi chombo kile kilivyopandwa.

Drais hakukata tamaa. Alikwenda Brazil mwaka 1822 kupima mashamba, akarudi mwaka 1827. Akabuni pia mashine ya kuandikia. Mwaka 1849 watu wa Baden walipoinuka kudai haki zao, Drais aliacha cheo chake cha kiungwana, akataka aitwe raia tu kama wengine. Watu wale waliposhindwa, alinyang'anywa malipo yake ya uzeeni, na adui zake wakajaribu kumtangaza kuwa mwenda wazimu. Akafa maskini huko Karlsruhe tarehe 10 Desemba 1851.

Kazi yake haikufa. Katika miaka ya 1860 mafundi wa Ufaransa walitia vikanyagio katika gurudumu la mbele. Mwaka 1885 John Kemp Starley wa Uingereza alitoa baiskeli yenye mnyororo na magurudumu yaliyokaribia kuwa sawasawa, na mwaka 1888 John Boyd Dunlop akapata hati ya mpira wenye upepo. Mwaka 1893 waendesha baiskeli walimsimamishia Drais mnara wa ukumbusho katika mji ule ule alimokufa bila mali.

Waliomcheka wamesahauliwa majina yao, bali chombo chake chabeba watu na mizigo katika nchi zote za dunia.