Sam Ntiro: Mchoraji wa Kilimanjaro aliyepita Slade bila kubadilika

Kijana wa Kibagabaga, mjini Kigali, anayeshika brashi leo hukutana mapema na swali gumu: ajifunze kwanza kuchora mwili wa mtu, mwanga na kivuli kwa kufuata kanuni za uhalisia, au aanze na kile anachokiona moyoni? Swali hilo lilimwandama Sam Joseph Ntiro, mchoraji wa Tanzania aliyefariki mwaka 1993, maisha yake yote.

Ntiro alizaliwa mwaka 1923 huko Machame, kwenye miteremko ya Mlima Kilimanjaro. Katika miaka ya 1940 alijiunga na Chuo cha Makerere, Uganda, akawa mwanafunzi wa Margaret Trowell, Mwingereza aliyeanzisha mafunzo ya sanaa chuoni hapo mwaka 1937.

Trowell mwenyewe alisomea Shule ya Sanaa ya Slade, London, lakini hakutaka kuwapandikiza wanafunzi wake uhalisia wa Ulaya. Badala ya kuwawekea mtu wa kumtazama na kumchora, aliwasimulia kisa, kisha kila mmoja akachora picha iliyomjia akilini. Njia hiyo iliwapa ujasiri, ingawa ilikuwa na kasoro: aliyeamua nini ni cha Kiafrika alikuwa bado mwalimu kutoka ng'ambo.

Baada ya kufundisha Makerere, mwaka 1952 Ntiro alikwenda Slade, ngome ya mafunzo ya kuchora kwa kumtazama mtu aliye hai. Alikaa huko hadi mwaka 1955. Wengi wangetarajia arudi na mkono mwingine, lakini alirudi na ule ule. Picha zake ziliendelea kuonyesha watu wadogo wasio na sura bayana, migomba, vibanda na vilima, kwa rangi zilizokolea, pasipo kujali sana kina wala umbali. Watu wake walikuwa kazini daima, wakilima, wakivuna, wakibeba mizigo kwa pamoja.

Mchoro wake wa mwaka 1956, unaoonyesha wanaume wakimpelekea bibi harusi pombe ya ndizi usiku, ulinunuliwa na Jumba la Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa la New York. Jumba lililohifadhi sanaa mpya kabisa ya Ulaya na Marekani likampa nafasi mchoraji wa maisha ya kijijini.

Hata hivyo, sifa hizo hazikumaliza ubishi. Mwishoni mwa miaka ya 1950, Trowell aliondoka Makerere na nafasi yake ikachukuliwa na Cecil Todd, aliyetilia mkazo ufundi wa kitaaluma na historia ya sanaa ya dunia. Kwa macho hayo mapya, kazi za Ntiro zilionekana sahili mno, na baadhi ya wahakiki walisema hazikukua. Yeye hakutetereka.

Mwaka 1958 alimwoa Sarah Nyendwoha wa Uganda, mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki na Kati kupata shahada ya chuo kikuu. Uhuru ulipopatikana mwaka 1961, Ntiro akawa balozi wa kwanza wa Tanganyika mjini London. Baadaye alisimamia masuala ya utamaduni serikalini na kufundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Nchini Rwanda, njia zote mbili zingali hai. Shule ya Sanaa ya Nyundo, magharibi mwa nchi, inafundisha ufundi darasani, ilhali kituo cha Inema, Kacyiru, kilianzishwa mwaka 2012 na ndugu wawili waliojifunza wenyewe. Ntiro alizipitia njia zote mbili. Aliingia katika shule yenye kanuni kali akijua kwao ni wapi, na alipotoka humo alikuwa bado anapajua.