Mary Anderson, mvumbuzi wa waipa ambaye hakuvuna alichopanda

Kila dereva anayesafiri wakati wa masika huutegemea mkono mwembamba wenye ukanda wa mpira, unaokwenda na kurudi juu ya kioo cha mbele cha gari. Mafundi na madereva huuita waipa. Hataza ya chombo hicho, yaani hati inayolinda haki ya mvumbuzi, ilitolewa nchini Marekani tarehe 10 Novemba 1903 kwa mwanamke aliyeitwa Mary Anderson. Aliishi nusu karne baada ya siku hiyo, akauona uvumbuzi wake ukienea katika magari ya nchi yake na kwingineko, lakini hakupata malipo yoyote kutokana nao.

Binti wa Alabama

Mary Anderson alizaliwa tarehe 19 Februari 1866 katika wilaya ya Greene, jimbo la Alabama, kusini mwa Marekani. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilikuwa vimekwisha mwaka mmoja tu kabla yake. Baba yake alifariki mwaka 1870, na familia ikabaki chini ya uangalizi wa mama. Mnamo mwaka 1889 mama huyo mjane alihamia na binti zake Birmingham, mji mchanga wa viwanda vya chuma uliokuwa ukikua kwa kasi. Huko walijenga jengo la nyumba za kupangisha katika barabara ya Highland.

Anderson hakuwa mhandisi. Alikuwa mwanamke wa biashara na mali. Mwaka 1893 alikwenda Fresno, California, akaendesha ranchi ya ng'ombe na shamba la mizabibu, kisha mwaka 1898 akarejea Birmingham. Hakuolewa wala hakupata watoto.

Baridi ya New York

Mwanzoni mwa karne ya 20, wakati wa majira ya baridi, alizuru jiji la New York. Akiwa ndani ya tramu, alimwona dereva akihangaika katika mvua iliyochanganyika na theluji. Kioo cha mbele cha tramu kilikuwa na sehemu mbili. Kilipofunikwa na theluji, dereva hakuwa na budi ila kuifungua sehemu moja ili aone njia, na upepo wa baridi ukampiga usoni yeye na abiria waliokaa mbele. Madereva wengine walilazimika kusimama na kushuka ili kukisafisha kioo kwa mkono. Walikuwapo pia waliosugua kioo kwa kitunguu kilichokatwa au karoti, wakitumaini kwamba utando utakaobaki utayafanya maji yateleze.

Aliporudi nyumbani, Anderson alichora kifaa na kukitengenezea mfano. Maombi ya hataza aliyawasilisha tarehe 18 Juni 1903, na miezi michache baadaye akapewa hataza namba 743,801. Ndani ya gari kulikuwa na mpini karibu na dereva. Dereva alipouzungusha, mkono uliokuwa nje, wenye ukanda wa mpira, ulipita juu ya kioo na kurudi mahali pake. Kiini cha uvumbuzi huo kilikuwa namna ya kuulazimisha mpira ukikumbatie kioo wakati wote, kwa kuwa mpira usiogusa kioo sawasawa huacha michirizi inayomzuia dereva kuona. Mkono huo uliweza pia kuondolewa hali ya hewa ilipokuwa nzuri.

Hakuwa peke yake katika fikra hiyo. Mwaka huohuo wa 1903, James Henry Apjohn alipata hataza ya kifaa cha namna hiyo huko Uingereza. Hata hivyo, kifaa cha Anderson ndicho kinachohesabiwa na wengi kuwa cha kwanza kilichofanya kazi ipasavyo.

Biashara iliyokataliwa

Mwaka 1905 Anderson alijaribu kuuza haki zake kupitia kampuni moja ya Kanada. Kampuni hiyo ilimjibu kwamba haikuona katika kifaa hicho thamani ya kibiashara ya kutosha. Inasimuliwa pia kwamba baadhi ya watu walihofu kuwa mkono unaotembea mbele ya macho ungemchanganya dereva na kusababisha ajali. Magari ya injini yalikuwa bado machache, mengi yakiwa ya matajiri. Ford ilianza kuuza gari lake la Model T mwaka 1908, na ndilo lililowafungulia njia watu wa kawaida.

Sheria ya wakati ule iliilinda hataza kwa miaka 17. Hataza ya Anderson ilimalizika mwaka 1920, na tangu hapo kila mtengenezaji alikuwa huru kuutumia uvumbuzi huo bila kumlipa. Mwaka 1922 kampuni ya Cadillac ikawa ya kwanza kuweka waipa katika magari yake yote. Mwanamke mwingine, Charlotte Bridgwood, aliyepata hataza ya kifuta kioo kinachoendeshwa kwa umeme mwaka 1917, naye hakunufaika.

Sifa iliyochelewa

Anderson aliendelea kusimamia nyumba zake za kupangisha Birmingham hadi uzeeni. Aliaga dunia tarehe 27 Juni 1953 huko Monteagle, jimbo la Tennessee, akiwa na umri wa miaka 87. Mwaka 2011, miaka 58 baada ya kifo chake, jina lake liliingizwa katika Jumba la Kitaifa la Heshima la Wavumbuzi la Marekani.

Injini ya umeme imechukua nafasi ya mpini wa mkono, na dawa za kisasa za kupaka kwenye kioo zimechukua nafasi ya kitunguu, lakini kazi ya mpira haijabadilika. Jua kali huukausha na kuupasua, nao vumbi na mafuta ya barabarani huuzuia kushika kioo. Kwa sababu hiyo dereva mwangalifu huupangusa mpira kwa kitambaa chenye maji, hukisafisha kioo kabla ya mvua kuanza, na huubadilisha mpira mara unapoanza kuacha michirizi. Dawa ya kioo huyafanya maji yajikusanye kuwa matone na kutiririka kwa urahisi. Haichukui nafasi ya mpira mzima unaogusa kioo kote, kama Anderson alivyotaka katika mchoro wake wa mwaka 1903.