Bibi Titi Mohamed na Mlango Usiobishwa Hodi



Himdi zote anastahiki Allaah, na Rehma na Amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, Ahli zake na Swahaba zake. Amma ba'd.

Sisi tunaoishi Kiabakari, kando ya barabara kuu ya Musoma na Mwanza, tuna gereza jirani. Tumezoea kumwona mtu aliyemaliza kifungo akisimama barabarani kungoja gari la kumrudisha kwao. Kuta ameziacha nyuma, lakini hajui atapokelewaje. Kwa ajili ya mtu huyo tumeona tukumbushane maisha ya mama mmoja wa Kiislamu ambaye nchi nzima inamjua kwa jina, ila wengi hawajui alivyoishi baada ya jina hilo kushuka.

Bibi Titi Mohamed alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1926. Kabla ya siasa alijulikana kwa sauti yake, kwani alikuwa akiongoza uimbaji katika kikundi cha wanawake kilichoitwa Bomba. Vikundi kama hivyo havikuwa vya kuimba tu. Mwanamke alikuwa na wenzake wa kumshika mkono siku ya arusi na siku ya msiba, na aliyefiwa hakuachwa alie peke yake.

TANU ilipotafuta wanawake mwaka 1955, yeye alipita humo humo, kwa wenzake wa ngoma na wa mitaani, na kwa muda mfupi maelfu wakachukua kadi. Wakati huo mwalimu kijana kutoka Butiama, Julius Nyerere, alikuwa amekwisha kuacha kazi ya ualimu kwa ajili ya chama. Wawili hao walipanda majukwaa pamoja mpaka Uhuru ulipopatikana mwaka 1961. Bibi Titi akaingia Bungeni, akashika nafasi serikalini, na Umoja wa Wanawake wa Tanganyika ulipoundwa mwaka 1962 akawa kiongozi wake wa kwanza.

Kisha upepo ukageuka. Mwaka 1965 alishindwa katika uchaguzi wa ubunge huko Rufiji. Mwaka 1967 lilikuja Azimio la Arusha, lililokataza viongozi kuwa na nyumba za kupangisha, naye akajiuzulu uongozi. Mwaka 1969 alikamatwa pamoja na wengine kwa tuhuma za uhaini, na baada ya kesi ndefu akahukumiwa kifungo cha maisha. Katika kipindi hicho hicho ndoa yake nayo ikavunjika. Hatuingii katika kesi ile, kwani mahakama ilitoa hukumu yake na Allaah Ndiye Mjuzi wa yaliyofichikana.

Mwaka 1972 alitoka kwa msamaha wa Rais, yule yule mwana wa Butiama, mwendo mfupi kutoka hapa tulipo. Alikuwa na umri wa miaka 46 hivi. Mlango wa gereza ulifunguliwa, lakini wengi waliokuwa wakijaza nyumba yake zamani hawakurudi. Wengine waliogopa, wengine waliona haya. Mama aliyewahi kuwaita maelfu ya wanawake nao wakaitika, sasa aliishi kimya, mbali na watu. Mpaka mwaka 1991, Tanzania ilipoadhimisha miaka 30 ya Uhuru, ndipo gazeti la chama lilipomtaja tena kuwa shujaa. Ilikuwa miaka 19 tangu atoke. Alifariki Novemba 2000 akiwa hospitalini Johannesburg, Afrika Kusini. Leo barabara kubwa katikati ya Dar es Salaam ina jina lake. Allaah Amrehemu na Amsamehe.

Ndugu zetu, barabara ni heshima nzuri, lakini haimtembelei mtu jioni wala haimuulizi kama amekula. Kilichohitajika mwaka 1972 ni jirani wa kubisha hodi.

Tuangalie kisa cha Swahaba Ka'b bin Maalik (Radhwiya Allaahu 'anhu). Alibaki nyuma katika vita vya Tabuuk bila ya udhuru, na kwa amri ya Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) watu hawakusema naye kwa siku 50, mpaka ardhi ikawa finyu kwake. Tawbah yake ilipokubaliwa, watu walimwendea makundi kwa makundi kumpongeza. Alipoingia msikitini, Twalha bin 'Ubaydillaah aliinuka, akamkimbilia na kumpa mkono. Ka'b hakuusahau mkono ule maisha yake yote. Kususwa kule kulikuwa kwa amri na kulikuwa na mwisho. Sisi humsusa mtu bila ya amri ya yeyote, na hatuweki siku ya mwisho.

Jeraha la moyo halionekani, na mwenye nalo huona haya kulisema. Dawa ni Allaah kwanza, kisha ni watu. Kwa hiyo anaporudi mtu kutoka gerezani, au mwanamke aliyeachwa, au mzee aliyeanguka kutoka cheo chake, tusingoje aje yeye. Tuanze sisi kwa salaam. Tumpe nafasi katika safu na katika baraza la kahawa. Kina mama wamwendee mwenzao na wakae naye, hata kama hana la kusema. Tusimuulize yaliyopita, na tuwakataze wanaomsengenya. Na akihitaji kazi, tumtafutie, kwani mtu mwenye shughuli asubuhi hulala vizuri usiku.

Haya hayahitaji mfuko wa jumuiya wala kibali cha mtu. Mlango wa jirani uko hatua chache.

Tunamuomba Allaah Atujaalie tuwe wa mwanzo kubisha hodi, wala Asituache peke yetu siku yetu itakapofika. Aamiyn.

Wa Allaahu A'lam.