Mwana Kupona: Mama aliyemwachia bintiye zawadi ya maneno

ZAWADI nyingi nchini Kenya siku hizi hupitia kwenye simu. Tangu huduma ya M-Pesa ilipoanza mwaka 2007, mzazi humtumia mwanawe pesa za sikukuu bila kuondoka kitini. Nazo salamu za Idi na Krismasi hutungwa na mtu asiyejulikana, kisha zikasambazwa kwa jamaa na marafiki mia kwa mpigo mmoja.

Zawadi hizo hufika upesi na husaidia. Hata hivyo, aghalabu hazina alama ya mtoaji wala ya mpokeaji. Maisha ya Mwana Kupona binti Msham, malenga wa kisiwa cha Pate katika funguvisiwa la Lamu, yanakumbusha namna nyingine ya kutoa.

Mwana Kupona alizaliwa Pate yapata mwaka 1810. Aliolewa na Bwana Mataka, mtawala wa Siyu, mji ulioko kwenye kisiwa hicho hicho. Siyu wakati huo ulisifika kwa wanazuoni wake, kwa wanakili wa misahafu na kwa mafundi wa ngozi.

Ndoa hiyo ilikuwa katika nyakati za vita. Kwa miaka mingi Bwana Mataka alikataa kuinama mbele ya Seyyid Said, Sultani wa Zanzibar, na katika miaka ya 1840 majeshi ya Sultani yalishindwa huko Siyu. Mwaka 1856 Bwana Mataka akafariki. Seyyid Said naye alifariki mwaka uo huo.

Mwana Kupona akabaki mjane mwenye binti, Mwana Hashima, aliyekuwa bado msichana. Kisha naye akaugua. Maradhi yalimshika mwaka mzima, na alitambua kwamba huenda asiishi kumwona bintiye akitulia katika nyumba yake mwenyewe. Hapo ndipo alipolazimika kuamua atamwachia nini.

Binti wa nyumba ya mtawala angetarajia vito. Mama alivitaja vito kweli, lakini vyote alivitengeneza kwa maneno. Katika utendi alioutunga mwaka 1275 wa Hijria, yaani 1858, alimwita bintiye asogee, aketi mbele yake akiwa na wino na karatasi. Akaahidi kumpa hirizi ya kufunga kwa uzi, na kumtungia kidani cha lulu na marijani cha kuvaa shingoni.

Msikilizaji wa Siyu alilielewa fumbo hilo mara moja. Hirizi ni maandishi yanayokunjwa na kuvaliwa mwilini ili yamlinde mwenye kuyavaa. Kidani nacho hutungwa punje baada ya punje, kama utendi unavyotungwa ubeti baada ya ubeti. Kwa hiyo bintiye hakupewa kitu cha kutia kasikini. Alipewa cha kutembea nacho.

Kazi yenyewe haikuwa nyepesi kwa mgonjwa. Utendi una beti 102, kila ubeti ukiwa na vipande vinne vya mizani minane. Vipande vitatu vya kwanza vina kina kimoja, na kina cha kipande cha mwisho hakibadiliki tangu mwanzo hadi tamati.

Ndani yake mama alimhimiza bintiye kushika dini, kusema kweli, kuwaheshimu watu na kujiepusha na mazungumzo ya upuuzi. Alimfundisha usafi wa nyumba na wa mwili, hata hina, wanja na manukato. Alimwagiza pia amtii na kumtunza mumewe, na akaitoa ndoa yake mwenyewe kuwa ushahidi. Beti nyingi za mwisho ni dua: kwa nafsi yake, kwa wanawe na kwa Waislamu wote.

Wasomaji wengi wa leo huyapinga mafundisho yake kuhusu mume, wakiona yanamfunga mwanamke. Wengine huona ndani yake hekima ya mwanamke aliyejua jinsi ya kuishi katika jamii ya enzi yake. Mjadala huo haujaisha. Lakini pande zote mbili zinasoma maneno ya mama aliyemjua vyema aliyekuwa akizungumza naye.

Mwana Kupona alifariki yapata mwaka 1860. Mwana Hashima aliishi miaka mingi baada yake, hadi karne ya 20, na utendi huo ukaendelea kunakiliwa kwa herufi za Kiarabu na kukaririwa na wanawake wa Lamu na pwani. Mwaka 1934 ulichapishwa na Alice Werner na William Hichens, ukavuka bahari na kuingia vyuoni.

Vidani vingi vya enzi hiyo vimekatika au vimeuzwa. Kidani cha Mwana Kupona kingalipo, na sasa hupatikana hata kwenye simu, chombo kile kile kinachobeba salamu zisizo na mwenyewe. Anayekifungua humkuta bado binti mmoja akiitwa asogee karibu na mamake, mkononi ana wino na karatasi.