Velibor Vasović: Mgeni aliyeilinda ngome ya Ajax

Historia ya kandanda huandikwa zaidi kwa majina ya wafungaji. Anapotajwa Ajax ya Amsterdam ya miaka ya 1970, wengi humkumbuka Johan Cruyff, na baada yake Piet Keizer na Johan Neeskens. Ni wachache wanaokumbuka kwamba mtu aliyelinyanyua Kombe la Klabu Bingwa Ulaya siku Ajax ilipolitwaa kwa mara ya kwanza, mwaka 1971, hakuwa mshambuliaji, wala hakuwa Mholanzi. Alikuwa mlinzi kutoka Yugoslavia, na jina lake ni Velibor Vasović.

Vasović alicheza fainali 3 za kombe hilo. Katika mbili alifunga bao, na zote mbili timu yake ilishindwa. Katika ya tatu hakufunga, na hiyo ndiyo aliyoshinda.

Mtoto wa vita

Alizaliwa tarehe 3 Oktoba 1939 katika mji wa Požarevac, mashariki ya Belgrade. Hakuwa ametimiza hata miaka miwili wakati majeshi ya Ujerumani na washirika wake yalipoivamia Yugoslavia mwezi Aprili 1941. Utoto wake ulipita chini ya utawala wa wavamizi, na ujana wake katika nchi iliyokuwa ikijijenga upya chini ya Josip Broz Tito.

Katika nchi hiyo mpya klabu za kandanda hazikuwa mali ya matajiri. Partizan ya Belgrade iliundwa mwaka 1945 ikiwa klabu ya jeshi, na mpinzani wake mkubwa, Nyota Nyekundu, iliundwa mwaka huo huo katika mji huo huo. Mtu akiwa shabiki wa moja hawezi kuipenda ya pili.

Vasović alikulia Partizan. Kikosi cha vijana alichokuwamo kilitwaa ubingwa wa Yugoslavia mara tatu mfululizo, mwaka 1961, 1962 na 1963. Tangu mwanzo alijulikana kwa utulivu. Hakuwa beki wa kupiga mpira popote ili mradi uondoke. Aliuchukua, akainua kichwa, akaupeleka kwa mwenzake.

Mwaka 1963 alifanya jambo ambalo mashabiki wengi hawalisamehi: alivuka na kujiunga na Nyota Nyekundu. Hakukaa huko muda mrefu, kwani haukupita hata msimu mmoja kabla hajarejea Partizan. Mwaka 1964 bingwa alikuwa Nyota Nyekundu, na mwaka 1965 Partizan ikautwaa tena ubingwa. Waliomlaumu kwa kuondoka walimpokea aliporudi, kwa sababu walikuwa wakimhitaji.

Usiku wa Brussels

Msimu wa 1965/66 Partizan ilifanya jambo ambalo halikuwahi kufanywa na klabu yoyote ya Ulaya Mashariki: ilifika fainali ya Kombe la Klabu Bingwa Ulaya. Katika robo fainali ilifungwa mabao 4-1 na Sparta mjini Prague, kisha ikaigeuzia kibao kwa mabao 5-0 mjini Belgrade. Katika nusu fainali iliitoa Manchester United ya Bobby Charlton, Denis Law na George Best.

Fainali ilichezwa tarehe 11 Mei 1966 katika uwanja wa Heysel, mjini Brussels, dhidi ya Real Madrid ya Hispania, klabu iliyokwisha kulitwaa kombe hilo mara 5. Katika dakika ya 55 Vasović aliruka na kuupiga mpira kwa kichwa ukaingia wavuni. Kwa robo saa, vijana wa Belgrade walikuwa mabingwa wa Ulaya. Dakika ya 70 Amancio akasawazisha, na dakika 6 baadaye Serena akafunga bao la pili. Madrid ikaondoka na kombe lake la 6.

Timu ile ilisambaratika mara tu baada ya fainali, nyota wake wakienda kutafuta riziki nchi za Magharibi. Vasović alikuwa miongoni mwao. Katika msimu wa 1966/67 alihamia Uholanzi, kwenye klabu ambayo wakati huo haikuwa na jina kubwa nje ya mipaka ya nchi yake.

Mgeni njoo, mwenyeji apone

Ajax ilikuwa mikononi mwa kocha Rinus Michels, aliyeichukua mwezi Januari 1965 ikiwa katika hatari ya kushuka daraja. Alikuwa amekusanya vijana wenye vipaji vya ajabu katika kushambulia. Mwezi Desemba 1966 waliishangaza Ulaya kwa kuifunga Liverpool mabao 5-1 katika ukungu mzito wa Amsterdam. Lakini mwezi Machi 1967 walitolewa na Dukla ya Prague, na udhaifu wa safu ya ulinzi ukaonekana wazi. Timu iliweza kufunga mabao mengi. Haikujua namna ya kuyalinda.

Kazi aliyopewa Vasović ilikuwa hiyo. Aliwekwa kuwa beki wa mwisho, nyuma ya walinzi wengine wote. Katika nchi nyingi wakati ule, hasa Italia, beki wa mwisho alikaa karibu na lango lake akisubiri hatari imfikie. Vasović hakusubiri. Timu yake ilipokuwa na mpira, alipanda hadi kiungo na kuongeza idadi ya washambuliaji. Timu ilipoupoteza, aliwaongoza walinzi wenzake kusogea mbele kwa pamoja, hivyo mshambuliaji wa upande wa pili akajikuta ameotea.

Mbinu hiyo inahitaji ujasiri na akili ya haraka. Beki mmoja akichelewa hatua moja, uwanja mzima nyuma yake unabaki wazi. Ndiyo maana alihitajika mtu mzima mwenye uzoefu, anayewapangia vijana wakati wa kwenda na wakati wa kusimama. Mfumo uliokuja kusifiwa duniani kote, ambao ndani yake kila mchezaji hushambulia na kila mchezaji hulinda, usingeweza kusimama bila msingi huo wa nyuma.

Ajax ilitwaa ubingwa wa Uholanzi mwaka 1967, 1968 na 1970. Mwaka 1969 ikawa klabu ya kwanza ya Uholanzi kufika fainali ya Kombe la Klabu Bingwa Ulaya, baada ya kuitoa Benfica ya Eusébio katika mechi 3. Tarehe 28 Mei 1969, mjini Madrid, ilikutana na AC Milan. Waitalia walikuwa mbele kwa mabao 2-0 Ajax ilipopata penalti katika dakika ya 60. Vasović akaifunga. Lakini Milan iliongeza mengine mawili, na Pierino Prati peke yake alifunga matatu kati ya yale manne. Kwa mara ya pili Vasović alikuwa amefunga katika fainali, na kwa mara ya pili alitoka uwanjani mikono mitupu.

Nahodha katika nchi ya watu

Mwaka 1970 wapinzani wao wa nyumbani, Feyenoord ya Rotterdam, waliwatangulia kulitwaa kombe la Ulaya. Kwa Ajax hilo lilikuwa kama mwiba. Msimu uliofuata iliingia mashindanoni Vasović akiwa nahodha.

Jambo hilo si dogo. Vijana wengi wa timu ile walikuwa wamelelewa na klabu yao wenyewe, na Cruyff alikuwa tayari mfalme machoni pa mashabiki. Hata hivyo kitambaa cha unahodha kilikuwa mkononi mwa mtu aliyekuja ukubwani, mwenye lugha nyingine. Sisi tulioishi miaka mingi mbali na makwetu tunajua kwamba mgeni hupewa kazi upesi, lakini kuaminiwa huchukua muda.

Msimu huo ngome yake ilikuwa ngumu kupenyeka. Katika mechi zake 4 za nyumbani za kombe hilo Ajax haikufungwa hata bao moja. Celtic ya Scotland na Atlético ya Madrid zote ziliondoka Amsterdam na kipigo cha mabao 3-0.

Upande wa pili wa mashindano, Nyota Nyekundu ya Belgrade iliifunga Panathinaikos ya Ugiriki mabao 4-1 katika nusu fainali, na ikaelekea kwamba Vasović angekutana na klabu yake ya zamani. Lakini Wagiriki walishinda 3-0 mjini Athens na kupita kwa bao la ugenini.

Tarehe 2 Juni 1971, katika uwanja wa Wembley, London, Dick van Dijk aliifungia Ajax kwa kichwa katika dakika ya 5. Kwa zaidi ya dakika 80 bao hilo moja lilibaki peke yake, na kazi ya kulilinda ilikuwa ya Vasović na wenzake. Dakika ya 87 shuti la Arie Haan, aliyetoka benchi, lilimgonga beki wa Ugiriki likaingia. Mabao 2-0. Nahodha akapanda ngazi za Wembley na kulipokea kombe alilokuwa amelikosa mara mbili.

Hakucheza tena. Alistaafu baada ya fainali hiyo, akiwa na umri wa miaka 31. Ajax ilitwaa kombe hilo tena mwaka 1972 na 1973, na nafasi yake ilijazwa na mgeni mwingine, Mjerumani Horst Blankenburg.

Baada ya uwanja

Vasović alikuwa pia msomi, mwenye shahada ya sheria ya Chuo Kikuu cha Belgrade. Aliingia katika ukocha na kuifundisha Paris Saint-Germain ya Ufaransa kwa vipindi viwili katika miaka ya 1970. Mwaka 1986 alirudi Nyota Nyekundu, safari hii akiwa kocha. Machi 1987 vijana wake waliifunga Real Madrid mabao 4-2 mjini Belgrade, wakafungwa 2-0 ugenini na kutolewa kwa sheria ile ile ya bao la ugenini. Mwaka 1988 aliwapa ubingwa wa Yugoslavia.

Miaka michache baadaye Yugoslavia yenyewe ilivunjika kwa vita. Vasović, aliyeichezea timu ya taifa ya nchi hiyo mechi 32, aliishi kuiona ikitoweka. Alifariki dunia mjini Belgrade kwa maradhi ya moyo tarehe 4 Machi 2002, akiwa na umri wa miaka 62.

Kumbukumbu za fainali zinaonyesha mabao yake mawili, ya Brussels na ya Madrid, ambayo hayakumpa kitu. Hazionyeshi alichokifanya Wembley, kwa sababu kazi ya mlinzi ni kuzuia jambo lisitokee, na jambo ambalo halikutokea haliandikwi. Pale palipoandikwa sifuri mbele ya jina la Panathinaikos, ndipo ilipo kazi ya Velibor Vasović.