Agnes Pockels: Dada wa karai la vyombo

Ukiacha chuo kama mimi, hutakosa mtu wa kukuambia kwamba maisha yako yameisha. Mimi nikiambiwa hivyo humkumbuka dada mmoja aliyezaliwa Venice mwaka wa 1862, Agnes Pockels. Babake alikuwa afisa wa jeshi la Austria. Malaria ilimtesa hadi akastaafu mapema, familia ikahamia Braunschweig, Ujerumani.

Agnes alipenda fizikia sana, lakini vyuo vikuu havikuwa vinachukua wasichana. Milango ilipoanza kufunguka, tayari alikuwa amefungwa na kazi za nyumbani: kupika, kuosha, kuuguza wazazi. Ndugu yake mdogo, Fritz, ndiye aliyeenda Göttingen, akawa anamtumia vitabu.

Sasa cheki. Maji ya vyombo yakiwa na mafuta, sisi tunaona uchafu tu. Yeye aliona ngozi. Akiwa na miaka kama 20 hivi alitengeneza karai la bati lenye kipande cha bati kilicholala juu ya maji. Angekisukuma huku na huku ili kuyabana mafuta. Kando aliweka mizani yenye kifungo, ya kupima uso wa maji unavuta kwa nguvu kiasi gani. Akagundua kwamba mafuta yakiwa yametawanyika, maji hayana habari. Ukiyabana hadi kiwango fulani, mvuto unaanza kushuka ghafla.

Alipima hivyo kwa karibu miaka 10, jikoni. Januari 1891 akajitosa, akamwandikia Lord Rayleigh, mwanafizikia mzito wa Uingereza, barua kwa Kijerumani. Hebu fikiria mtu asiye na cheti chochote anatuma barua kama hiyo. Mke wa Rayleigh aliitafsiri, Rayleigh akaipeleka kwa jarida la Nature, likaichapisha Machi mwaka huo huo.

Na hii inakuhusu vipi? Kila seli mwilini mwako imezungushiwa utando mwembamba wa mafuta. Mwaka wa 1925, Gorter na Grendel kule Uholanzi walitoa mafuta kwenye seli nyekundu za damu, wakayatandaza kwenye karai la aina hiyo. Yakafunika eneo karibu mara mbili ya seli zenyewe. Maana yake utando una matabaka mawili: mikia inayochukia maji imejificha katikati, vichwa vinavyopenda maji vimetazama nje na ndani.

Ndiyo maana chumvi haijipitii tu ovyo. Inahitaji milango ya protini, na kila mlango una bawabu wake. Kuna pampu inayotoa sodiamu 3 na kuingiza potasiamu 2, usiku na mchana. Ikizima, seli inajaa maji na inaweza kupasuka. Insulini nayo haihitaji hata kuingia ili isikike. Inabisha hodi kwa nje, ujumbe unapelekwa ndani, na seli ya msuli inaleta milango zaidi ya sukari kwenye utando.

Karai liliboreshwa na Mmarekani Irving Langmuir, akapata Nobel mwaka wa 1932, na wengi huliita kwa jina lake hadi leo. Hiyo huniuma kidogo. Mwaka huo huo chuo cha ufundi cha Braunschweig kilimpa Agnes udaktari wa heshima, akiwa na miaka 70. Alifariki 1935, katika mji ule ule wa karai lake.