Nikola Tesla na Kasi Isiyokusudiwa

Nikola Tesla alizaliwa usiku wa kuamkia Julai 10, 1856, katika kijiji cha Smiljan, ambacho wakati huo kilikuwa chini ya himaya ya Austria na leo kiko nchini Kroatia. Babake, Milutin, alikuwa kasisi wa Kanisa la Othodoksi la Waserbia. Mamake, Đuka, hakupata elimu ya shule, lakini alizihifadhi kichwani tenzi ndefu za kishujaa za Waserbia na kujitengenezea vyombo vya nyumbani kwa mikono yake. Sisi wanafunzi wa fasihi simulizi tutamtambua mara moja mama wa aina hiyo, na haishangazi kwamba mwanawe alidai hadi uzeeni kuwa kipawa chake cha ubunifu alikirithi kwa mama.

Baba alitaka kijana awe kasisi. Kijana alipougua kipindupindu na kukaribia kufa, baba aliahidi kwamba akipona atapelekwa kusomea uhandisi. Alipona, na mwaka 1875 akajiunga na chuo cha ufundi mjini Graz, ingawa aliondoka humo bila shahada. Mwaka 1882, akiwa Budapest, alipata wazo la mota inayozungushwa na uga wa sumaku unaojizungusha wenyewe. Mwaka 1884 aliingia New York, akafanya kazi kwa muda mfupi katika karakana ya Thomas Edison, wakaachana. Hataza zake za mota zilitolewa Mei 1888, na mwaka huohuo George Westinghouse akanunua haki za kuzitumia. Haya yamesimuliwa mara nyingi, nami sitayarefusha. Lililo adimu katika masimulizi ya Kiswahili ni yale yaliyofuata, pale Tesla alipoanza kuviendesha vifaa kwa kasi ambayo waundaji wake hawakuikusudia.

Umeme wa mkondo geu hubadilisha mwelekeo wake mara kwa mara. Humu nchini, umeme wa majumbani hukamilisha mizunguko 50 kwa sekunde. Idadi hiyo wengi wetu tunaiita masafa, neno ambalo asili yake ni umbali na ambalo watangazaji wa redio wamelipa maana hii ya pili. Tesla alijiuliza litatokea nini masafa yakifika maelfu. Aliunda jenereta zenye mamia ya nguzo za sumaku ili apate umeme wa namna hiyo, kisha akauelekeza kwenye koili ya Ruhmkorff, chombo kilichojulikana sana maabarani enzi hizo kwa kuzalisha cheche.

Chombo hakikustahimili. Chuma kilichokuwa kitovuni kilipata joto kali, na kihami kilichotenganisha nyaya za ndani na za nje kikayeyuka. Sababu yake si fumbo: kila mara sumaku ya chuma inapogeuzwa, sehemu ndogo ya nishati hupotea kama joto. Kwa mageuzo machache hasara hiyo haionekani. Kwa maelfu kila sekunde, chuma huwa jiko. Mtu mwingine angehitimisha kwamba koili ina mpaka wake na kurudi nyuma. Tesla aliuliza ni kitu gani hasa ndani ya koili kilichoweka mpaka huo. Alipoona ni chuma, alikitoa. Alipoona ni kihami, aliacha nafasi ya hewa baina ya nyaya, na baadaye akazizamisha katika mafuta.

Ikabaki jenereta yenyewe, ambayo haingeweza kuzungushwa kwa kasi isiyo na kikomo. Hapo akaiweka kando. Ilijulikana tayari kwamba umeme uliohifadhiwa katika kapasita, ukiachiliwa kupitia pengo la cheche, huenda na kurudi mara nyingi sana kabla ya kutulia. Tesla alizilinganisha saketi mbili ili mitetemo yao iwiane, mithili ya mtu anayemsukuma mtoto kwenye bembea kila inapofika mwisho wa safari yake. Misukumo midogo ikajumlishana hadi kuwa volti nyingi ajabu. Hataza yenye mpangilio huo ilitolewa Juni 23, 1891, na chombo hicho ndicho kinachoitwa hadi leo koili ya Tesla.

Msomaji aniwie radhi nikiruka miaka mingi. Transista ilivumbuliwa Desemba 1947, Tesla akiwa keshafariki. Siku hizi wapo wapenzi wa ufundi wanaounda koili zake kwa transista za nguvu badala ya pengo la cheche, na aghalabu huziendesha kupita masafa yaliyoandikwa na mtengenezaji. Transista iliyokusudiwa kufunga na kufungua mkondo mara 20,000 kwa sekunde huweza kufanya hivyo zaidi ya mara 100,000. Je, mtengenezaji alikosea? La hasha. Kiwango chake huchukulia kwamba mkondo hukatwa ungali na nguvu, na kila mkato wa aina hiyo huzaa joto. Ukikatwa wakati unapopita sifuri, joto huwa dogo. Na koili ikifanya kazi kwa vipindi vifupi mno vyenye mapumziko, joto hupata nafasi ya kutoka. Hata hivyo, cheche inaporefuka, masafa ya koili hushuka. Saketi ya kuongoza isipoyafuata, transista hukata mkondo ukiwa kileleni na kupasuka papo hapo.

Tesla naye aliionja hasara ya namna hiyo. Mwaka 1899 alihamia Colorado Springs na kujenga koili yenye kipenyo cha takriban mita 15. Yeye mwenyewe alieleza baadaye kwamba mikondo ya masafa ya juu kutoka maabara yake ilirudi katika nyaya hadi kituo cha umeme cha mji, ikatoboa vihami vya jenereta na kuziunguza.

Kwa maoni yangu, hapo ndipo tofauti ilipoanza. Katika koili alijua kila mpaka ulitokana na nini. Huko Wardenclyffe, alikoanza ujenzi mwaka 1901 kwa dola 150,000 za J. P. Morgan, aliamini kwamba dunia nzima ingeitikia kama koili na kusafirisha nguvu za umeme bila waya. Hakuwa amelipima hilo kama alivyokipima chuma cha Ruhmkorff. Desemba mwaka huohuo Marconi alitangaza kupokea ishara kutoka ng'ambo ya Atlantiki kwa mitambo ya gharama ndogo zaidi, na Morgan akakataa kuongeza fedha. Mnara ulibomolewa mwaka 1917, baada ya kiwanja kuchukuliwa kufidia deni la hoteli alimokuwa akiishi.

Aliishi miaka mingine 26, akihama hoteli hadi hoteli, akilisha njiwa wa New York na kutangaza uvumbuzi ambao hakuna aliyeuona. Alifariki Januari 7, 1943, katika chumba nambari 3327 cha Hotel New Yorker. Mwaka 1957 majivu yake yalipelekwa Belgrade, ambako yamo katika jumba la makumbusho lenye jina lake, ndani ya chombo kilichopakwa dhahabu chenye umbo la tufe.